Meza ya Mvule na Viti Sita: Mwongozo wa Kufufua Seti Kuukuu ya Chakula katika Hali ya Hewa ya Tanga

Kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa, tandika gunia sakafuni, uipindue meza miguu juu, kisha uketi mbele yake kwa muda. Upande wa chini ndio usiodanganya. Juu kuna vanishi, madoa ya chai na alama za sufuria, na pengine kuna rangi ambayo mtu aliipaka zamani ili kuficha jambo; lakini chini utaiona mbao yenyewe, utaona jinsi miguu ilivyoungwa na fremu, na utajua kama bungua, wadudu watoboao mbao, wamepita. Meza na viti vingi vya zamani ambavyo bado vinatumika katika nyumba za Ngamiani na Chumbageni, hapa mjini Tanga, vilichongwa kwa mbao ngumu ambazo leo ukitaka kuzinunua utaulizia bei mara mbili, ukidhani umesikia vibaya. Ndiyo maana inafaa kuhangaika navyo kuliko kuleta meza mpya ya unga wa mbao uliogandamizwa, ambayo unyevu wa pwani huivimbisha pembeni kama mkate uliolowa.

Mpangilio wa kazi ni huu: viungo kwanza, uso wa mbao baadaye, vikalio mwisho. Watu wengi hugeuza mpangilio huo, wakaanza na kitambaa kwa kuwa ndicho kinachoonekana na wageni, na baada ya miezi michache wanabaki na kiti kinachoyumba chini ya kitambaa kizuri. Kukifungua tena ni kukipoteza kitambaa chenyewe.

Kuitambua mbao na kilichopakwa juu yake

Chagua mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya mguu, upige msasa eneo la ukubwa wa kiganja mpaka mbao safi ionekane. Mvule una rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, nyuzi zake hupishana, na mara nyingine ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vigumu vinavyovunja makali ya randa ghafla. Mninga ni kahawia wenye michirizi myekundu, nao ni mtulivu, haujipindi ovyo majira yanapobadilika. Mtiki, ambao mkoani kwetu hupandwa katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, una mafuta ya asili unayoweza kuyahisi kwa kidole na harufu inayokumbusha ngozi. Tofauti hizi si za kujifurahisha tu, kwa sababu kila mbao ina namna yake ya kukubali gundi na vanishi, kama nitakavyoeleza kwa hasara yangu mwenyewe.

Angalia pia ukingo wa ubao wa juu. Ukiona matabaka, ujue kwamba meza yako ni ya plaiwudi iliyofunikwa kwa ganda la mbao nzuri, na ganda hilo huenda halifiki hata milimita moja. Meza ya namna hiyo haipigwi msasa mkali wa namba 80 hata kidogo; ukilitoboa ganda, hakuna dawa isipokuwa kupaka rangi nzito.

Sasa ichunguze vanishi ya zamani. Dondosha tone la spiriti kwenye pamba, uiweke juu ya uso kwa dakika moja. Ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, polishi ya asili iliyopendwa na maseremala wa zamani. Isipolainika, jaribu tina, kile kiyeyusho cha rangi. Ikilainika kwa tina, ni klia ya kupuliziwa, yaani vanishi angavu ya tina. Isipotikiswa na vyote viwili, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hiyo itakutoa jasho. Ikiwa meza imepakwa rangi nzito na kuna uwezekano kwamba ni ya miaka mingi, chukulia kwamba ina madini ya risasi: usiipige msasa mkavu, bali ulowanishe, ufanye kazi nje, uwaweke watoto mbali, na uchafu wote uukusanye kwenye mfuko.

Majira ya kufanya kazi

Huku kwetu kalenda ni chombo cha kazi sawa na nyundo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa hujaa maji, gundi huchelewa kushika, na klia hupata utando mweupe kama maziwa, kwa sababu tina inaporuka haraka huupoza uso wa mbao na unyevu wa hewani ukagandia humo. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, na Januari na Februari nayo yanafaa, ingawa upepo wa kaskazi huleta vumbi. Hata katika miezi hiyo, paka vanishi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana: umande umekwisha, na jioni haijaleta tena unyevu wa baharini.

Kufungua na kuweka alama

Vikalio vya viti vingi vya kulia hushikiliwa na skrubu nne kutoka chini, kwenye vipande vya pembe tatu vilivyoko konani. Kabla hujavitoa, vitazame kwa makini. Nilipofungua viti vyangu sita, niliyakuta chini ya kila kikalio mapigo ya patasi: mstari mmoja, miwili, mitatu, hadi sita, na mistari kama hiyo hiyo ndani ya fremu ya kila kiti. Fundi aliyevichonga alijua kwamba kazi ya mkono haizai vitu viwili vinavyolingana kabisa, na kwamba kikalio cha kiti cha tatu kikiwekwa kwenye cha tano kitabana upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili. Kama viti vyako havina alama, viwekee mwenyewe kwa penseli. Skrubu za kila kiti zitie kwenye kikopo chake.

Ubao wa juu wa meza nao utoe. Mara nyingi utakuta skrubu zimeota kutu na mbao iliyozizunguka imekuwa nyeusi. Huo ni weusi unaotokea chuma, maji na tindikali ya asili ya mbao zinapokutana. Wakati wa kurudisha tumia skrubu za shaba, kwa kuwa za chuma za kawaida hazivumilii hewa ya chumvi.

Viungo: hapa ndipo penye kazi

Shika kiti kwa egemeo na kwa mguu wa mbele, ukitikise kama unayetaka kukinyonga. Kiungo kinachocheza kitajitambulisha kwa kamlio kadogo kama ka panya. Karibu viungo vyote vya viti vya zamani ni vya ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya kipande kimoja huingia kwenye shimo la kingine, na karibu kila mara mbao ni nzima. Kilichokufa ni gundi. Hapo ndipo linapotendeka kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii: mtu humwaga gundi mpya juu ya ya zamani, akagonga msumari wa nchi mbili kutoka upande, akaridhika. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka, kwa sababu nguvu yake yote inatokana na kuingia ndani ya nyuzi za mbao. Msumari nao huupasua ulimi, na mwaka unaofuata hakuna ulimi wa kutengeneza.

Kitenganishe kiungo kinachocheza kabisa. Gonga kwa nyundo ya mpira, au weka kipande cha mbao katikati ili nyundo ya chuma isiache alama, ukizungusha mapigo upande huu na huu. Kikikataa, ingiza siki ya moto kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, usubiri robo saa, kisha urudie. Gundi ya kahawia inayokatika kama kioo ni ile ya mifupa au ngozi, na hiyo huyeyuka kwa maji ya moto bila ubishi. Ukishafungua, kwangua gundi yote kutoka kwenye ulimi kwa ubapa wa patasi, na ndani ya tundu kwa patasi nyembamba, mpaka uione mbao. Usiukwangue ulimi wenyewe hadi ukakonda. Unatafuta usafi tu.

Jaribu kukiunga kikiwa kikavu. Kama ulimi unaingia kwa kusukumwa na kiganja na hauchezi, uko tayari. Kama umelegea, bandika pande zake maganda membamba ya mbao ya aina ile ile, uyaache yakauke, kisha uyapunguze kidogo kidogo mpaka yabane. Kujaza pengo kwa gundi na unga wa mbao ni sawa kwa ufa wa juu ya meza, lakini ndani ya kiungo kinachobeba mtu mzima ni kujidanganya.

Paka gundi ulimi na kuta za tundu, ukiunge kiungo, na ukibane. Si lazima uwe na klempu. Kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe ukanda mrefu, uzungushie miguu yote minne huku ukiuvuta kwa nguvu. Au funga kamba maradufu, upitishe kijiti katikati na kukizungusha mpaka kamba ikaze. Mara tu baada ya kubana, kisimamishe kiti mahali tambarare na uhakikishe kwamba miguu yote minne inagusa chini, maana ukikiacha kimepinda ndivyo kitakavyokauka. Gundi inayochuruzika ifute kwa kitambaa kibichi papo hapo. Ikikauka juu ya mbao itazuia vanishi isiingie na kuacha doa jeupe. Usikikalie kiti kabla ya saa 24.

Ukiona vitundu vidogo vya duara vinavyotoa unga mpya kila ukigonga, bungua bado wamo. Tia dawa ya wadudu wa mbao ndani ya vitundu kwa sindano, ufunge kiti ndani ya nailoni kwa siku kadhaa, na usiendelee na lolote lingine mpaka unga ukome kudondoka.

Kuondoa vanishi na kupiga msasa

Shelaki na klia huondoka kwa kufutwa na spiriti au tina na kukwanguliwa. Vanishi ngumu huhitaji dawa ya kubabua rangi, ambayo hupakwa nene, ikaachwa mpaka uso ukunjamane, kisha ikakwanguliwa kufuata mkondo wa mbao. Fanya kazi hiyo uani penye upepo, ukiwa umevaa glavu za mpira na miwani, na jiko la mkaa lisiwe karibu. Mvuke wa tina hutambaa chini kwa chini na kufuata moto uliko. Baada ya hapo futa uso wote kwa tina ili mabaki ya dawa yasije yakagombana na vanishi mpya.

Msasa hupigwa kwa kufuata mkondo wa mbao, kamwe si kwa kukatiza. Anza na namba 80 ikiwa uso una makovu, au 120 kama ni mzuri, uende 180 na umalizie 220, bila kuruka namba, kwa kuwa kila msasa kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya uliotangulia. Uzungushie kipande cha mbao ili usichimbe mashimo kwa vidole. Ukidhani umemaliza, ngoja giza liingie, uilaze taa ya simu juu ya meza ili mwanga ukimbie sambamba na uso. Mikwaruzo ambayo mchana haikuonekana itajipanga mbele yako kama matuta ya shamba. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, nyuzi zisimame, zikauke, uzipunguze tena kwa 220. Vaa barakoa wakati wote huo, hasa kwa mvule, ambao vumbi lake huwasha ngozi na kukera pua na kifua.

Madoa meupe ya vikombe kwa kawaida yamo ndani ya vanishi tu, na huondoka pamoja nayo. Doa jeusi limezama kwenye mbao yenyewe, na asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji moto ndiyo inayolitoa vizuri; ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, suuza mara mbili, na subiri siku mbili kabla ya kuendelea. Ndimu husaidia kidogo sana. Mimi binafsi doa moja dogo la zamani huliacha.

Kupaka

Sasa ile hasara niliyoiahidi. Meza yangu ya kwanza ya mvule niliipaka vanishi ya mafuta moja kwa moja juu ya mbao safi, mwezi wa Aprili, nikiwa na haraka ya sikukuu. Baada ya wiki mbili bado ukiweka kiganja unaacha alama ya vidole vitano, na gazeti lililosahauliwa juu yake lilinata mpaka vichwa vya habari vikasomeka kinyume kwenye mbao. Nililaumu vanishi, nikamlaumu na aliyeniuzia. Kumbe mvule una kemikali ya asili inayozuia baadhi ya vanishi za mafuta zisikauke, na masika yalikuwa yameongeza chumvi kwenye kidonda. Nilikwangua yote nikaanza upya. Kwa mvule, na kwa mtiki pia kwa ajili ya mafuta yake, futa uso kwa tina, na mara tina inaporuka paka mkono mmoja mwembamba wa shelaki au sila (kizibio cha mbao) kama ukuta kati ya mbao na vanishi. Jaribu kwanza chini ya meza, usubiri siku mbili.

Kwa meza inayowekewa sufuria ya wali na kufutwa mara tatu kwa siku, chagua vanishi ya poliyurethani. Shelaki ni nzuri kwa macho lakini hukata tamaa ikikutana na chai ya moto. Koroga kopo taratibu, usilitikise, maana mapovu utakayoyatia yatakaukia juu ya meza. Chuja kwa soksi ya nailoni. Mkono wa kwanza uzimuliwe kidogo kwa kizimulisho kilichoandikwa kwenye kopo ili uzame. Mikono miwili au mitatu inayofuata iwe mizito kiasi, kila mmoja ukiachwa ukauke usiku kucha na kuguswa kidogo kwa msasa namba 320 kabla ya unaofuata. Paka na upande wa chini angalau mkono mmoja. Ubao uliofungwa juu na kuachwa wazi chini hunyonya unyevu upande mmoja, na mwishowe hukunjika kama jamvi.

Wapo wanaopenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, na viti vya mninga hupendeza sana kwa mafuta hayo. Onyo langu ni moja: matambara yaliyofutia mafuta ya kitani yakikusanywa na kutupwa pembeni huweza kujipasha yenyewe mpaka yakawaka. Yaanike moja moja, au yatie kwenye ndoo ya maji.

Vikalio

Toa pini za kitambaa cha zamani kwa bisibisi bapa na koleo, lakini usikitupe kitambaa. Ndicho kielelezo chako cha kukatia. Chunguza mikunjo na matundu yote kwa kunguni, na ukiwaona mwagia ubao mtupu wa kikalio maji yanayochemka, kisha uuanike jua kali siku nzima.

Chini ya kitambaa unaweza kukuta makumbi ya nazi, sufi, au singa za mkonge, zao ambalo limeujenga mji huu tangu miche yake ya kwanza ilipoletwa mwaka 1893. Fundi wengi watakuambia utupe. Sikubaliani nao. Singa za mkonge zikichambuliwa kwa vidole, zikapigwapigwa na kuanikwa, hurudi kuwa kitako imara kisichobonyea. Zitandaze upya, uzifunike kwa marekani (kitambaa kigumu cha pamba) iliyokazwa, halafu juu yake weka sponji ya sentimita mbili na nusu tu. Ukipenda sponji peke yake, nunua ya sentimita 5 iliyo nzito. Ibonyeze kwa gumba dukani: nzuri hukusukuma na kurudi mara moja, mbaya hubaki na shimo ikikutazama. Ikate kwa kisu kirefu cha mkate, iwe imezidi ubao kwa sentimita moja kila upande, na ibandike kwa gundi ya mpira.

Kuhusu kitambaa, ngozi ya bandia hufutika kirahisi lakini katika joto la Tanga hunata mapajani na baada ya muda huchanika konani. Kitambaa cha kochi chenye pamba nzito kinafaa zaidi. Hesabu yake ni rahisi: kikalio cha sentimita 45 kwa 45, ukiongeza 5 za unene wa sponji na 5 za kukunjia kila upande, kinataka kipande cha 65 kwa 65. Kitambaa cha upana wa sentimita 140 hutoa vipande viwili kwa safu, kwa hiyo viti sita huhitaji safu tatu, yaani sentimita 195. Nunua mita mbili, na uongeze nusu mita kama kina maua yanayotakiwa kukaa katikati.

Laza kitambaa kifudifudi, ukiweke kikalio juu yake, uvute na kupiga pini moja katikati ya kila upande: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Pindua uangalie kama mistari imenyooka, kwa sababu sasa kurekebisha ni kutoa pini nne, na baadaye ni arobaini. Kisha songa kutoka katikati kuelekea konani, ukipishana pande zinazotazamana, ukivuta kwa nguvu zile zile kila mara. Acha sentimita 5 kabla ya kila kona. Kona huja mwisho: vuta ncha kuelekea katikati ya ubao, ipige pini, kunja mbavu zake mbili ndani ziwe kama bahasha, upunguze kitambaa cha ziada, uzifunge.

Hapa kuna kitu kimoja ambacho huwakamata wengi. Kitambaa kipya kikiwa kinene kuliko cha zamani, kikalio hakitaingia kwenye fremu, na ukikilazimisha kitavisukuma viungo ulivyotoka kuviunga. Kipime kabla ya kufunika: kati ya ubao mtupu na fremu kuwe na nafasi ya unene wa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, milimita 2 au 3. Ikikosekana, punguza ubao kwa randa.

Rudisha kila kikalio kwenye kiti chenye alama yake, ukaze skrubu kwa mkono. Ubao wa meza nao uurudishe, lakini matundu ya skrubu kwenye fremu uyatanue yawe marefu kidogo kuelekea upana wa ubao, kwa kuwa meza ya sentimita 90 hutanuka na kusinyaa kwa milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi, na ikizuiwa itajipasulia njia. Usiweke kitambaa cha meza wala chombo cha moto kwa wiki mbili, hata kama vanishi inaonekana kavu. Masika ya kwanza yakishapita, pindua viti tena na uzikaze skrubu robo mzunguko.